Udalali wa Mtandaoni: Ushauri kwa Mwalimu na Mwanafunzi wa Kiswahili Anayeanza

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu wakati huo hakuna mwalimu wetu, wala mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, asiyeulizwa maswali yale yale. Kamusi ipi ni nzuri? Kitabu kipi ni cha kuanzia? Kuna masomo ya kusikiliza kwenye simu? Jirani anauliza, mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi anauliza, na mgeni wa Kijerumani anayetaka kwenda Zanzibar naye anauliza. Wote hujibiwa, na wote hujibiwa bure.

Hivi karibuni baadhi ya wanafunzi wamefika ofisini kutaka kujua kama ni kweli mtu anaweza kulipwa kwa majibu ya namna hiyo. Ni kweli. Duka la mtandaoni humpa mtu kiungo chenye namba yake. Mtu mwingine akibofya kiungo hicho na kununua kitu, duka humpa mwenye namba sehemu ndogo ya bei. Mwenye namba hanunui bidhaa, haweki ghala, hafungi vifurushi. Kazi yake ni kuelekeza tu. Waingereza huiita kazi hiyo affiliate marketing. Tumeonelea tuieleze katika toleo hili kwa sababu mbili: kuna wenzetu wanaoingia bila kuielewa, na kuna wanaodhani wameingia humo kumbe wameingia kwenye upatu.

Kwanza jina. Wapo waliotafsiri kwa kusema masoko shirikishi, na wapo wasemao uuzaji wa ushirika. Hatukatai kwamba istilahi hizo zina mantiki, lakini hebu mjaribu nazo mkulima wa kahawa wa Mbale. Ushirika kwake ni Bugisu Cooperative Union, chama kilichoundwa mwaka 1954, ambamo mwanachama ana hisa na ana sauti mkutanoni. Mtu mwenye namba ya duka la mtandaoni hana hisa wala sauti. Duka likibadilisha masharti kesho asubuhi, ataarifiwa tu. Ndiyo maana sisi tunapendelea udalali. Neno dalali lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuonyesha njia, kuelekeza. Pwani lilitumika kwa mtu wa mnada, na hadi leo Tanzania wapo madalali wa mahakama. Dar es Salaam dalali ni yule anayekutafutia chumba kisha anadai kodi ya mwezi mmjoa kama ujira wake. Wanafunzi wetu watokao Kigali, Bujumbura na Goma humwita mtu huyo kwa neno lililotoka kwenye Kifaransa, komisiyoneri, na hapa Kampala ni broka.

Tunajua kwamba dalali hasifiwi sana. Lakini hiyo ndiyo faida ya neno lenyewe. Ukimwambia mtu "mimi ni dalali wa kitabu hiki," anaelewa papo hapo kwamba una maslahi, naye ataipima kauli yako ipasavyo. Ukimwambia "mimi ni mshirika wa masoko," atakupa hongera.

Biashara yenyewe si changa. Mwaka 1989 William J. Tobin alikuwa akiuza maua kupitia mtandao wa Prodigy huko Marekani na kulipa kamisheni kwa kila mauzo. Mwaka 1994 duka la muziki la CDNow likaanza kuwalipa wenye tovuti waliowaletea wanunuzi, na Julai 1996 Amazon, iliyokuwa bado duka la vitabu tu, ikafungua mpango wake kwa mtu yeyote mwenye tovuti. Vitabu ndivyo vilivyoieneza, na huenda ndiyo sababu walimu wa lugha wanauona udalali huu kama jambo la karibu nao.

Duka hujuaje nani amemleta mnunuzi? Linatumia kidakuzi, kumbukumbu fupi ambayo tovuti huiacha ndani ya kompyuta au simu ya mgeni, iliyobuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape. (Neno hili linafanana na mdakuzi, yule mtu apendaye kuchungulia mambo ya wenzake, na kusema kweli halijakosea.) Kidakuzi kina umri. Kwa Amazon ni saa 24: aliyebofya kiungo chako leo akinunua kesho kutwa, hupati kitu, isipokuwa kama alikwisha kuiweka bidhaa kwenye kikapu chake ndani ya saa hizo. Maduka mengine hutoa siku 7, mengine 30. Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kujiunga na mpango wowote ni hilo: kidakuzi chenu huishi kwa muda gani?

Anayeandikia wasomaji wa huku azingatie jambo jingine. Watu wetu wengi husoma kwenye simu, kisha huomba ndugu aliye ng'ambo awanunulie, au huenda kwenye duka la intaneti la mtaani wakanunua kwa kompyuta nyingine. Kidakuzi kilibaki kwenye simu. Umemleta mnunuzi wewe, lakini daftari la duka halikujui. Hakuna dawa ya hilo, na ni vizuri mtu alijue mapema asije akadhani ameibiwa.

Kuna waliotaka kupata dawa kwa njia ya mkato. Madalali wawili wakubwa wa duka la eBay walipachika vidakuzi kwa siri kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya chochote, hivyo wakalipwa mamilioni ya dola kwa mauzo ambayo hawakuyaleta. Mwaka 2014 mahakama ya California iliwahukumu vifungo. Mwanafunzi anayeuziwa na rafiki yake "programu ya kuongeza mibofyo" afikirie habari hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa zaidi sisi watu wa lugha, yaani kutangaza maslahi. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilirekebisha miongozo yake ikasema wazi kwamba mtu anayelipwa kwa kusifu bidhaa mtandaoni lazima awaambie wasomaji wake. Miongozo hiyo ilirekebishwa tena mwaka 2023. Mtu aweza kusema: sisi tuko Kampala, Tume hiyo ina nini nasi? Ina hili, kwamba maduka mengi tunayoyafanyia udalali yako Marekani, na yameiingiza sheria hiyo kwenye mikataba yao. Dalali asiyetangaza hufungiwa akaunti, na mara nyingi kamisheni iliyokuwa haijalipwa hupotea pamoja nayo.

Katika maelezo ya Tume hiyo kuna mambo mawili ambayo yangeweza kuandikwa na mwalimu wa fasihi simulizi. La kwanza ni kwamba tamko liwe katika lugha ile ile ya sifa. Ukikisifu kitabu kwa Kiswahili kisha ukaandika tamko kwa Kiingereza chini kabisa ya ukurasa, hujatangaza. La pili ni kwamba kumwekea msomaji maneno mawili ya kibiashara karibu na kiungo huenda kusitoshe, maana msomaji wa kawaida hajui maneno hayo yana maana gani. Linalotakiwa si istilahi bali sentensi inayoeleweka.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ambayo hakuna aliyemtangulia kuifanya vizuri. Tumepitia matamko mengi ya Kiswahili na tumekuta mengi yametafsiriwa neno kwa neno: "Chapisho hili linaweza kuwa na viungo shirikishi." Shangazi yako akiisoma hiyo ataelewa nini? Tunapendekeza maneno kama haya, na yeyote ayachukue: "Ukinunua kwa kupitia kiungo hiki, duka litanilipa kamisheni kidogo. Bei yako haitaongezeka." Kama kitabu ulipewa bure na mchapishaji, sema: "Nakala hii nilipewa na mchapishaji, sikuinunua." Kwenye ujumbe mfupi usiokuwa na nafasi, "nalipwa kwa mauzo haya" yanatosha. Tamko likae juu au kando ya kiungo, mahali ambapo jicho litaliona kabla ya kidole kubofya. Amazon nayo ina sentensi yake ya Kiingereza ambayo mkataba unataka iwekwe. Iweke, kisha weka ya Kiswahili pia.

Mtu atauliza kama kutangaza hakuwafukuzi wanunuzi. Wengine watakwenda zao, ndiyo. Lakini kizuri chajiuza, na anayeondoka kwa sababu ya ukweli huyo hakuwa mteja wa kudumu.

Hapo tuseme nini hasa ambacho dalali wa Kiswahili anauza. Si kitabu, kitabu ni cha duka. Anachouza ni hukumu yake juu ya kitabu, na soko la hukumu hiyo lipo. Siku hizi mtu akitafuta vitabu vya watoto vya Kiswahili mtandaoni hukutana na vingi vilivyotafsiriwa na mashine, na mzazi aliyezaliwa Toronto au Manchester hana namna ya kujua kwamba "kitabu kubwa" na "nyumba mzuri" ni makosa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa idara hii anajua. Akifungua kurasa za mfano zinazoonyeshwa na duka, aangalie upatanisho wa kisarifi, aangalie kama majina ya ngeli ya KI-VI yanapata viambishi vyake, aangalie kama "ni" na "ndiyo" zimechanganywa, asikilize sauti za programu kama zinatofautisha "dhahabu" na "zabuni", "ghali" na "gari". Baada ya hapo aandike alichokiona. Tathmini ya maneno mia tatu iliyojaa mambo ya namna hiyo ina thamani kuliko sifa za kurasa kumi.

Tathmini nzuri hutaja pia nani asinunue. Chukueni vitabu viwili ambavyo wageni hutuuliza kila mara. Simplified Swahili cha Peter M. Wilson hufuata sarufi hatua kwa hatua na kina mazoezi yenye majibu. Kinamfaa mtu anayejisomea peke yake na asiyechoka na majedwali. Colloquial Swahili cha Donovan McGrath na Lutz Marten, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2003, hujengwa juu ya mazungumzo na kina sauti za kusikiliza; kinamfaa mtu anayetaka kuanza kusema. Mwanafunzi wetu wa Gulu anayejiandaa kwa mtihani hahitaji hata kimoja kati ya hivyo. Yeye anahitaji kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, kwa mfano Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, na aulizie kwanza madukani hapa mjini kabla ya kulipia usafirishaji kutoka ng'ambo. Dalali anayemwambia hivyo hapati senti kwake. Lakini mwezi ujao mwanafunzi huyo huyo ndiye atakayemleta Mjerumani wake.

Tumefika mahali pagumu, na hapa tunaomba walimu wenzetu watuvumilie. Je, mwalimu aweke namba yake kwenye kiungo anachowapa wanafunzi wake? Jibu letu ni hapana, hata akitangaza maslahi yake. Pendekezo linamwacha mtu huru kukataa. Mwalimu akisimama mbele ya watoto sitini akasema "nunueni kamusi hii," hapo hapana uhuru. Mtoto ataisikia kama amri, mzazi ataisikia kama sharti la mtihani, na atakayeshindwa kununua atadhani ndiyo sababu alama zake zimeshuka. Kamisheni katika hali hiyo haina tofauti na ada ambayo haikuidhinishwa na mtu yeyote. Shuleni, toeni jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji, basi. Kama kiungo kinahitajika kiwe kitupu, bila namba.

Kuna mwenzetu aliyetuambia kwamba mshahara wa mwalimu unajulikana, na kwamba kuwakataza walimu hata senti hizo ni ukali usio na huruma. Tumelifikiria. Hatusemi mwalimu asiwe dalali. Tunasema wateja wake watoke nje ya darasa lake. Dunia ina wanaojifunza Kiswahili wengi mno: wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wafanyakazi wa mashirika wanaohamishiwa Nairobi au Goma, watoto wa ughaibuni. Hao wako huru kukataa, na wana kadi za benki. Baadhi ya walimu wetu waliokwenda Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja mmoja bado wanaandikiana na watu waliowafundisha. Mwanafunzi aliyekwisha kumaliza, asiye na alama tena mkononi mwako, ni mtu mwingine kabisa.

Hesabu nayo isiogopwe. Katika orodha ya Amazon ya Marekani vitabu vya karatasi vimekuwa vikilipwa asilimia 4.5. Kitabu cha dola 20 kinakupa senti 90. Tuseme kwa mfano watu mia wamebofya na watatu wamenunua: dola 2.70, yaani shilingi zisizofika elfu kumi za Uganda. Ukichagua kulipwa kwa hundi, duka hilo husubiri hadi ufikishe dola 100, na hizo ni nakala 112 za kitabu chako cha dola 20. Kisha hukata dola 15 za kuandaa hundi. Malipo hufika siku 60 hivi baada ya mwezi wa mauzo kwisha, na kitabu kikirudishwa, senti 90 zako nazo hurudishwa. Bado hujatoa gharama ya bando la intaneti na ya usiku uliokesha ukiandika.

Hatuandiki haya kuwavunja moyo. Tunayaandika kwa sababu tumeona mwanafunzi aliyetaka kuahirisha muhula ili afanye kazi hii mchana kutwa. Ni kazi ya kando, ya saa chache kwa juma, inayoweza baada ya mwaka au miwili kulipia vitabu vya mwenye nayo. Wapo duniani wanaoishi kwayo. Wengi wao huuza vitu vya bei kubwa kuliko kamusi, na walianza miaka mingi iliyopita. Amazon yenyewe hufunga ombi la mwanzilishi asiyepata mauzo matatu ndani ya siku 180, na ununuzi wako mwenyewe kwa kiungo chako hauhesabiwi. Kwa hiyo usiwahi kujiandikisha. Andika kwanza tathmini kumi au kumi na tano, wasomaji wazoee kuja, ndipo uombe namba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na kwa dalali wa mtandaoni daftari ni nusu ya kazi. Andika tarehe, kiungo, bidhaa, duka, mibofyo, mauzo na fedha iliyofika kweli mkononi, si ile inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa duka. Kila mwisho wa mwezi bofya viungo vyako vyote ujue vipi vimekufa.

Kabla ya kujiunga, uliza pia fedha itafikaje hapa. Duka linaloahidi kamisheni kubwa lakini halina njia ya kulipa Uganda ni sawa na deni la mtu aliyehama. Soma kama linalipa kwa benki, kwa hundi, kwa kadi ya zawadi au kwa kampuni ya kati, na kila njia inakata kiasi gani. Duka la Marekani litakutaka ujaze fomu W-8BEN, inayoeleza kwamba wewe si mlipa kodi wa huko. Ijaze mwenyewe, kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho na akaunti ya benki, maana tofauti ya herufi moja huchelewesha malipo. Fedha ikipitia kwenye simu, kumbuka kodi ya asilimia 0.5 ya kuitoa. Mapato haya ni mapato kama mengine, na mwenye namba ya mlipa kodi ayaingize kwenye taarifa yake ya mwaka.

Usijenge nyumba yote kwenye kiwanja cha mtu. Mnamo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Uganda iliifunga Facebook, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa na wateja wao wote kwenye kurasa za Facebook walijikuta hawana pa kuwapata. Maduka nayo hubadilika. Novemba 2019 Jumia, kampuni ambayo imekuwa na mpango wake wa madalali, ilifunga duka lake la Tanzania. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni za aina nyingi za bidhaa kwa taarifa ya juma moja tu. Samani zilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Vitabu vilinusurika safari hiyo. Dalali mwenye tovuti yake, hata ndogo, na orodha ya wasomaji walioomba wenyewe kuandikiwa, huhamia duka jingine bila kupoteza watu wake. Tunasema walioomba wenyewe kwa makusudi: Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 hairuhusu kuchukua namba za simu kwenye orodha ya mahudhurio ya darasa na kuzigeuza soko.

Limebaki la upatu, na tungependa walezi wa wanafunzi walisome. Wapo wanaozunguka mabwenini wakisema wanauza nafasi za udalali wa mtandaoni. Unalipa ada ya kuingia, unapewa kiungo, na kiungo hicho kinakulipa kila unapoleta mtu mwingine alipe ada. Maneno ni yale yale, kiungo, kamisheni, mtandao, lakini hakuna kitabu wala kiatu kinachouzwa. Wenzetu wa nchi jirani walikwisha kuona mwisho wake kabla simu hizi hazijaja. Kinshasa iliona Bindo ikianguka mwaka 1991 na kuzama na akiba za watu. Tanzania iliona DECI ikifungwa mwaka 2009, ilhali wengi walikuwa wamepanda fedha zao humo wakisubiri kuvuna. Jina la kutumia ni lile la kale, upatu. Njia ya kuutambua ni kuuliza swali moja: fedha nitakayolipwa inatoka mfukoni mwa nani? Katika udalali halali inatoka kwa duka, kutokana na bei ya kitu alichonunua mtu asiyekuwa mwanachama wa chochote. Ikiwa inatoka kwa atakayeingia baada yako, rudisha simu mfukoni. Tena kujiunga na mipango ya maduka tuliyoyataja ni bure, hivyo anayekudai ada ya kufunguliwa akaunti ya Amazon anakula fedha yako.

Idara imekubali kusoma tathmini za wanafunzi kabla hazijachapishwa popote, kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya tamko la maslahi. Zisizidi maneno mia tano, ziwe zimechapwa kwa nafasi mbili, na zitaje toleo na mwaka wa kitabu kinachozungumzwa. Zikabidhiwe kwa katibu wa idara kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatano, nasi tutazirudisha Jumatano inayofuata. Za programu za simu zije na maelezo ya toleo la programu, kwa kuwa hubadilika upesi kuliko vitabu.